Ilimradi Inawaka

Nina ugomvi na maneno mawili tunayoyapenda sana hapa Arusha: "ilimradi inawaka." Utayasikia gereji, utayasikia stendi, na nimeyasikia hata maabara chuoni, ambako nasomea uzamili wa uhandisi. Kwa maneno hayo nilikaribia kumuua mtu.

Babu ana Land Rover Series IIA, ile ya bodi ndefu, ambayo taa zake kubwa zimekaa katikati kwenye wavu wa mbele. Imebeba kahawa, ndizi, wagonjwa na maiti kwenye barabara ya Nkoaranga tangu mama yangu hajaolewa. Chini sakafuni, karibu na klachi, kuna kitufe cha chuma cha kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, taa zinapanda fulu. Ukikanyaga tena, zinashuka. Kwenye dashibodi kuna kitaa kidogo cha bluu kinachokuambia kwamba uko fulu. Wengi waliopanda gari lile hawajawahi kukiona kitufe chenyewe, maana kimejificha kwenye tope la miguu ya watu.

Masika moja maji yaliingia sakafuni, taa zikaanza kuzimika njiani. Nilikuwa na safari ya Moshi kesho yake. Fundi akatazama, akasema swichi imekufa na spea haipatikani leo. "Niiunge dairekti?" Nikamjibu: unga, ilimradi inawaka. Akauunga waya unaoleta umeme na waya wa fulu, ule wa taa za chini akauacha unaning'inia. Sasa kila nikiwasha taa, kitaa cha bluu nacho kinawaka. Kikanikera. Nikamwomba achomoe globu yake, akachomoa. Elfu kumi, nikaondoka.

Babu aliuliza, "Kile kitaa kimeenda wapi?" Nikamwambia, "Hakina kazi, babu."

Naomba msomaji utazame hapo. Swichi ilikuwa mbovu, waya ulikuwa umeungwa vibaya, na kitu kimoja tu ndani ya gari kilikuwa bado kinasema kweli. Hicho ndicho nilichokitoa.

Kwa miezi mitatu madereva walinimulika barabarani nami nikawaona wakorofi. Usiku mmoja, kati ya Usa River na Maji ya Chai, bodaboda aliyekuwa anakuja mbele yangu aliyumba, akaingia mtaroni na mikungu yake miwili ya ndizi. Aliinuka anachechemea, kiwiko kinatoka damu. Hakunitukana. Alisema, "Dada, nimekupigia taa mara tatu. Kwani wewe huoni?" Nami nilikuwa naona vizuri sana. Barabara yote ilikuwa nyeupe mbele yangu.

Hadithi za namna hii tumezoea kuzimalizia kwa kumlaumu fundi: mafundi wetu wababaishaji, hawakusoma. Nakataa. Fundi aliniuliza swali, na mwenye digrii ndiye aliyejibu. Fundi anauza kile tunachonunua, na sisi tunanunua haraka.

Gari nililipeleka kwa fundi umeme mwingine, mtu mzima, Unga Limited. Alilala chini ya dashibodi karibu siku nzima. Aliifungua ile swichi, akaiosha kwa petroli, akaipiga msasa, akaipaka grisi. Haikuwa imekufa; ilikuwa na kutu. Kisha akafuata nyaya moja baada ya nyingine, akinionyesha rangi ambazo magari ya Kiingereza ya zamani yalitumia: bluu inaleta umeme wa taa kubwa, bluu yenye mstari mweupe ni fulu, bluu yenye mstari mwekundu ni taa za chini, nyeusi inakwenda kwenye bodi. Kitaa cha onyo kinachukua umeme kwenye ule wa fulu, ndiyo maana hakiwezi kudanganya. Kitabu cha gari lile, kilichoandikwa kwa Kiingereza, hajawahi kukishika. Aliniomba elfu arobaini. Najua mtashangaa, lakini nilianza kuomba punguzo.

Mtaniambia sisi ni maskini, hatuwezi kulipia siku nzima ya kutafuta waya. Hesabu yangu ni hii: elfu kumi ya kuunga, juu yake matibabu na matengenezo ya pikipiki ya mtu, laki na themanini. Anayelipa gharama ya "ilimradi" mara nyingi ni yule anayekuja upande wa pili.

Oktoba 2024 mamia ya Land Rover zilikusanyika hapa mjini kwa tamasha, nasi tukajivuna, tukapiga picha za rangi mpya na matairi makubwa. Nilijivuna pia. Lakini heshima ya gari la zamani ianzie kwenye kitufe kile cha tope ambacho hakuna anayekipiga picha.

Na wenye magari mapya msicheke. Nimepanda gari lenye tepu nyeusi juu ya taa ya injini. Nimepanda lingine lenye klipu iliyochomekwa mahali pa mkanda ili kengele inyamaze, dereva yuko huru, mwendo mia na ishirini. Wenye magari hayo wamesoma kuliko babu yangu.

Kwa hiyo nina ombi moja. Ukifika gereji, kabla ya kuuliza bei, uliza kimeharibika nini, halafu mlipe fundi muda wa kukitafuta. Na leo jioni kabla hujatoka, washa fulu utazame dashibodi. Kama hakuna kinachowaka, usiseme ni afadhali.