Lango Peke Yake Halilindi

Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na tahadhari ya kujionyesha tu.

Siku ya kufungua shule muhula huu, tulipiga foleni langoni na masanduku yetu. Soja akapitisha kile kifaa chake cha kukagulia vyuma. Kikalia pi! Sanduku la bati, jamani, lisilie vipi? "Pita," akasema. Nikapita, na wengine wengi wakapita vivyo hivyo. Alipofika mwenzangu wa dawati, mwenyeji wa Garissa, mambo yakabadilika. Sanduku lake lilimwagwa chini, hata soksi zikakung'utwa. Sote tulitazama. Hakuna aliyesema kitu, nami nikiwemo. Wakati huohuo, nyuma ya jikoni, ua una tundu ambalo kila mla mandazi wa shule hii analijua.

Je, hapo tulilindwa? Kwa maoni yangu, la hasha.

Sisemi kwamba ulinzi ni bure. Tarehe 7 Agosti 1998, walinzi wa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi walikataa kufungua kizuizi cha nyuma, na gari lenye bomu halikuingia ndani. Hata hivyo watu 213 walifariki, wengi wao wakiwa wapita njia na wafanyakazi wa majengo jirani. Wengine walipofushwa na vioo, kwani waliposikia kishindo cha kwanza walikimbilia madirishani kutazama. Lango lilifanya kazi yake, lakini lango haliwezi kumwambia mtu aondoke dirishani.

Hofu nayo huua. Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa katika chuo kikuu kule Garissa, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kabla hakujapambazuka. Gaidi hakuwepo. Wanafunzi walikanyagana na kuruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki, na zaidi ya mia moja wakaumia.

Sasa tazameni Mandera, Desemba 2015. Magaidi walisimamisha basi, wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa katakata. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Pale hapakuwa na lango wala kifaa cha kulia pi. Palikuwa na watu waliokataa kutenganishwa. Nasi hapa twatenganishana wenyewe, bila hata kushikiwa bunduki! Na anayedhalilishwa kila muhula, siku akiona jambo la kutisha, atamwambia nani?

Kwa heshima na taadhima, nawaomba walimu wetu mambo matatu. Kwanza, tundu lizibwe (mnisamehe, wala mandazi). Pili, tukaguliwe sote sawasawa, mtoto wa Garissa na wa Murang'a. Tatu, tufanye mazoezi ya kutoka bwenini usiku bila kukanyagana, na mlango wa bweni usifungwe kwa kufuli kutoka nje.

Nasi wanafunzi tuna letu. Wiki mbili baadaye nilimwomba mwenzangu radhi kwa kunyamaza kwangu. Alicheka, akasema, "Wacha tu, nimezoea."

Hilo la kuzoea ndilo linaloninyima usingizi.