Mashahidi wa Ndoa Kabla ya Cheti

Kifungu cha tatu cha Sheria ya Ndoa ya Kenya, iliyotungwa mwaka 2014, kinaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uwe wa mke mmoja au wa wake wengi, uliosajiliwa kwa mujibu wa sheria hiyo. Sehemu kubwa ya maelezo hayo inakubalika bila ubishi kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, katika pwani ya Kenya, lakini sharti la mwisho, la kusajiliwa, ni geni kwa wazee wa Kigiriama wa Ganze na Kaloleni, ambao kwao ndoa ni mapatano ya koo mbili yanayofungwa mbele ya watu watakaoweza kuyasimulia baadaye.

Kwa desturi hiyo, wajumbe wa upande wa mume hufika kwa wazazi wa msichana na tembo la mnazi, na mazungumzo ya mahunda, yaani mali inayotolewa kwa ukoo wa mke, hufanyika huku wazee walioalikwa wakisikiliza. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyeandika kitabu kuhusu Wagiriama mwaka 1972, aliwataja mashahidi katika jina lenyewe la kitabu pamoja na minazi na tembo, kwa kuwa aliona jinsi mzee aliyekuwepo siku ya mapatano anavyoweza kuitwa miaka mingi baadaye aeleze ni nani alimpa nani nini. Waislamu wa Malindi nao hawafungi nikaha bila walii na mashahidi wawili, ila wao wana daftari la kadhi, na kwa sababu hiyo sheria ya 2014 haikuwasumbua sana.

Inafaa kukumbuka kwamba dola iliwahi kukataa kabisa kuiita ndoa ile ya wazee. Mwaka 1917, miaka mitatu baada ya serikali ya kikoloni kuilipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, Jaji Mkuu Robert Hamilton aliamua katika kesi ya Amkeyo kwamba mke aliyeolewa kimila hakuwa na kinga ambayo sheria ilimpa mke asitoe ushahidi dhidi ya mumewe, kwa hoja kwamba uhusiano wa namna hiyo ulikuwa ununuzi wa mwanamke na haukustahili jina la ndoa. Hukumu hiyo iliwadhalilisha mamilioni ya watu kwa sentensi chache, na athari yake ilidumu mahakamani kwa miongo mingi, hivi kwamba sheria ya 2014 ilipoipa ndoa ya kimila hadhi sawa na ile ya kanisani, ya kiserikali, ya Kihindu na ya Kiislamu, ilikuwa inafuta dhuluma ya karibu karne nzima.

Hata hivyo, hadhi hiyo imefungamanishwa na usajili. Wanandoa wa kimila hutakiwa kumpa msajili taarifa ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, kisha wote wawili wafike mbele yake ili wapewe cheti, na kwa mtu wa Bamba anayeishi kwa kibarua na shamba la mahindi linalotegemea mvua, safari hiyo ni gharama ambayo huahirishwa mwaka hadi mwaka. Madhara yake hujitokeza mume anapofariki, ndugu zake wanapoligeukia shamba na mjane anapoulizwa karatasi, ilhali wazee waliokunywa tembo la posa yake wamekwisha kuzikwa. Zamani angeweza kutegemea ndoa ya kudhaniwa, yaani kanuni inayoiruhusu mahakama kuwachukulia watu walioishi pamoja kwa muda mrefu na kujulikana kama mume na mke kuwa ni wanandoa, lakini Mahakama ya Juu, katika hukumu yake ya tarehe 27 Januari 2023, ilisema kwamba kanuni hiyo itumike kwa nadra na ikaweka masharti makali ya kuithibitisha.

Usajili wenyewe si adui. Desturi ilishuhudia mahunda kwa uangalifu mkubwa kuliko ilivyoshuhudia ridhaa ya msichana, na wako wasichana wengi wa pwani hii waliotolewa shuleni wakaolewa kabla ya kutimiza miaka 18 huku mashahidi wote wakiwa wamekaa mahali pao; cheti kinachodai umri wake na sahihi yake mwenyewe kinamlinda mahali ambapo wazee hawakumlinda. Kosa ni kumtaka mnyonge aifuate ofisi, wakati serikali ina chifu katika kila lokesheni na naibu wa chifu katika kila lokesheni ndogo, ambao hualikwa kwenye sherehe hizo hizo na wangeweza kupewa fomu za kujazwa siku ile ile.

Sheria yenyewe imekwisha kuifungua njia hiyo. Inasema kwamba malipo kidogo ya mahari yanatosha kuithibitisha ndoa ya kimila pale ambapo mahari yanahitajika, na inataka tamko la wanandoa liwe na sahihi au alama za watu wazima wawili waliotekeleza wajibu muhimu wa kimila katika sherehe, na mtu wa namna hiyo si mwingine ila yule mzee wa Ganze, ambaye hata asipojua kuandika anaweza kuweka alama yake angali hai.