Masalio ya Baharini Yasiopolewe Ovyo

Rai yetu ni kwamba kupiga mbizi kwa vyombo vya kutambua metali, kwa nia ya kutwaa masalio ya enzi za Wareno na Waingereza yaliyozama katika pwani ya Kenya, kupigwe marufuku pasipo idhini na usimamizi wa wataalamu wa mambo ya kale.

Chuma kilichofunikwa na mchanga wa bahari huweza kudumu dahari nyingi. Bali kikishaopolewa na kuachwa kikauke, chumvi iliyopenya ndani yake hukitafuna, hata mzinga uliohimili karne tatu majini ukapasuka na kumomonyoka, na kuunusuru kwataka kuurowesha katika dawa kwa miezi, pengine miaka, kazi isiyofanyika uani kwa mtu.

Merikebu ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus, ngome hiyo ilipokuwa imehusuriwa na Waarabu wa Omani, ilichimbuliwa kwa taratibu baina ya 1977 na 1980 (nasi hatusahau kwamba wapiga mbizi wa kawaida ndio walioigundua), kila kitu kikirasimiwa mahali kilipolala. Kwa hiyo vyombo vyake vilivyomo katika makumbusho ya ngome vina habari ya kueleza, ilhali kilichong'olewa kwa siri ni bubu.

Mapatano ya UNESCO ya 2001 nayo yakataza biashara ya masalio hayo.

Wenye dhamana ya bandari, forodha na mambo ya kale na waweke doria, wazuie usafirishaji wa masalio hayo, na wawape wavuvi njia ya kuarifu wakionacho bila hofu ya kushitakiwa.