Neno "bomu" kiwanjani: mzaha, sheria na haki ya msafiri



Tumeletewa suala na mama mmoja wa Kipemba anayeishi na mumewe Endasak, wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, ambako wana duka la nguo. Wenye jamaa Bara hawatashangaa, kwani penye gulio Mpemba hakosi. Mwanawe wa miaka 19 alikuwa akirudi Unguja kwa ndege kuwahi harusi ya dada yake, kupitia kiwanja kimoja cha kaskazini. Alivaa kanzu na kofia, na mkononi alikuwa na boksi lililofungwa kamba. Mkaguzi alipomuuliza mna nini ndani, kijana alicheka akajibu: "Bomu." Mlikuwa na asali na vyombo vya zawadi. Alizuiwa, boksi likafunguliwa, abiria wakasimamishwa foleni, na ndege ikaondoka bila yeye. Alihojiwa mpaka Magharibi ndipo akaachiwa.

Mama anauliza kama mwanawe amepata dhambi, kama walikuwa na haki ya kumshika, na kama angevaa suruali na fulana yangemfika hayo.

La dhambi halina maneno mengi. Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumtisha mwenziwe, hata kwa utani. Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, na mwenzake akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaichukua. Yule aliyelala akashtuka, na hapo ndipo likaja katazo. Ikiwa kamba tu imetiwa hukumu hiyo, basi neno la kijana huyu mbele ya watu waliobeba watoto na wagonjwa ni zito zaidi. Atubie, na awaombee dua wale aliowachelewesha asiowajua.

Lakini tusiishie hapo, maana wazazi wengi huliona jambo hili kuwa utani wa kitoto uliokuzwa na askari. Katika Kiswahili chetu cha mitaani "bomu" ni kitu kibovu tu: simu bomu, mtihani bomu. Kwa nini basi dola ilichukulie neno kama silaha?

Ijumaa ya tarehe 26 Februari 1982, ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 737, iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Iliruka hadi Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na ikaishia Stansted, Uingereza. Huko Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa uhamishoni London, alishiriki katika mazungumzo, na tarehe 28 watekaji wakajisalimisha. Rubani msaidizi alikuwa amejeruhiwa kwa risasi. Silaha zilipokaguliwa, sehemu kubwa yake ilikuwa bandia. Mahakama ya Uingereza iliwafunga vifungo vya kuanzia miaka mitatu hadi minane. Walijitetea kuwa walilazimika, kwa kuwa walihofia maisha yao nyumbani. Mafakihi wetu nao wana mlango mrefu juu ya ikrahi, na humo wanasema anayelazimishwa hana ruhusa ya kumuua asiye na hatia ili aokoe nafsi yake. Abiria wa Mwanza hawakuwa wamemdhulumu mtu.

La pili liko karibu zaidi na sisi watu wa visiwani. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na vijana watatu. Walidai wako 11 na wana bomu, wakataka wapelekwe Australia. Rubani, Kapteni Leul Abate, aliwaeleza kuwa mafuta hayafiki, wasimsadiki. Yalipokwisha, ndege ikaangukia baharini karibu na ufukwe wa Galawa, Ngazija, mbele ya macho ya watu. Wenyeji na watalii waliingia majini kuokoa, lakini kati ya watu 175 waliokuwamo walifariki 125. Baadaye ilielezwa kuwa kile kilichoitwa bomu ni chupa ya pombe iliyofunikwa.

Mkaguzi aliye mlangoni hajui kama anayecheka mbele yake ni mwana wa muuza nguo wa Endasak au ni mtu mwingine. Hana njia ya kujua ila kufungua boksi. Kwa hiyo walikuwa na haki ya kumshika, na wangemwacha apite wangekuwa wamewadhulumu abiria wengine.

Tukitazama mamlaka yenyewe, Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa rubani mkuu uwezo wa kumfunga mtu anayehatarisha ndege, kumteremsha na kumkabidhi kwa serikali. Wa Hague wa 1970 unazilazimisha nchi ama kumshtaki mtekaji ama kumpeleka kwa wenye kumtaka. Wa Montreal wa 1971 unataja pia anayetoa habari anazozijua kuwa ni za uongo akahatarisha ndege iliyo safarini, na ndege huhesabiwa iko safarini tangu milango yake ya nje ifungwe. Kwa hiyo neno la kijana wetu kwenye mashine ya ukaguzi halikuingia katika mkataba huo. Limeingia katika sheria za nchi. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania zinamfuata msafiri Kisauni na Chake Chake kama zinavyomfuata Bara. Na anayedhani kuandika mzaha huo kwenye simu ni nafuu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, na kifungu chake cha habari za uongo kina faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Haya yote hayampi mtu yeyote ruhusa ya kudhalilisha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Bara inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa kuchunga staha. Dada aliyevaa nikabu anaweza kuomba, kwa upole, afunuliwe uso pembeni mbele ya mkaguzi wa kike. Kuonesha uso ili atambuliwe ni haja inayokubalika kisharia, wala asibishane nayo. Na aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana.

Hofu ya mama tunaielewa. Kosa la mdomo kiwanjani ni jambo moja, na mashtaka chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 ni jambo jengine kabisa, maana hayo hayana dhamana. Visiwani hatuhitaji kukumbushwa. Masheikh wa Uamsho walifunguliwa kesi Dar es Salaam mwaka 2014 na wakaachiwa Juni 2021 kwa kufutiwa mashtaka, kesi ikiwa haijafika hukumu. Mwenye kumbukumbu hiyo akisikia mwanawe ameshikwa na polisi kiwanjani, miguu lazima imlegee. Ndiyo maana tunasema mipaka kati ya mpuuzi na gaidi iwekwe wazi na wenye mamlaka, isiachwe kwenye hasira za siku.

Je, ni kanzu? Hatuwezi kumsomea mtu moyo wake. Aliyevaa suruali akitamka neno lile naye atashikwa, na ndivyo inavyopasa. Ila boksi la asali hufunguliwa kwa dakika chache, na kumweka kijana mpaka Magharibi baada ya hapo kunahitaji maelezo. Ikiwa aliulizwa anasali msikiti gani badala ya kuulizwa kwa nini alisema vile, basi mama ana malalamiko ya haki. Ayaandike: saa aliyozuiwa, saa boksi lilipofunguliwa, maswali aliyoulizwa, saa aliyoachiwa. Barua aipeleke kwa uongozi wa kiwanja na nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na humo aanze kwa kukiri kosa la mwanawe, asilifiche, kwani litakuwa limeshaandikwa kule.

Nauli iliyopotea si deni la shirika la ndege, kwa kuwa aliyesababisha ni yeye mwenyewe. Baba akitaka amkate katika mshahara wa dukani, ana haki.

Wallahu a'lam.