Masomo Yaliyomo Kwenye Gemu na Mwalimu wa Kuyatoa

Katika gemu iitwayo GeoGuessr, iliyobuniwa na Anton Wallén wa Sweden mwaka 2013, mchezaji hushushwa katikati ya barabara asiyoijua, popote duniani, kisha hutakiwa kuonyesha kwenye ramani yuko wapi. Hana jina la mji wala mtu wa kumuuliza. Ana picha za barabarani za Google, basi. Atatazama magari yanapita upande gani, udongo una rangi gani, nguzo za umeme zina umbo gani, maduka yameandikwa kwa lugha ipi, kivuli cha mti kimelala wapi. Wachezaji wazoefu walio mbali kabisa na Afrika huitambua Kenya kwa sekunde chache, kwa kuwa gari lililopiga picha nchini humo lina bomba jeusi la kuvutia hewa, nalo huonekana pembeni mwa picha.

Hilo la bomba ni ujanja wa mchezo, halina jiografia ndani yake. Kivuli ndicho chenye somo. Wachezaji huambizana kwamba jua likiwa upande wa kaskazini, basi uko kusini mwa Ikweta. Mtoto wa Dar es Salaam anayeijua kanuni hiyo akitoka nje saa sita mchana mwezi Juni atalikuta jua limeegemea kaskazini kweli. Akitoka tena Desemba atalikuta limehamia kusini, kanuni imevunjika machoni pake. Imekuwaje? Swali hilo likishaulizwa, mwalimu wa jiografia ana kipindi kizima mkononi: mhimili wa dunia ulioinama, jua la utosi, Tropiki ya Kaprikoni, na sababu ya vuli na masika kuja kwa zamu kufuata safari hiyo ya jua. Asipokuwepo wa kuuliza, mtoto atabaki na bomba la gari.

Mjadala wetu kuhusu watoto na gemu umekwama mahali pabaya. Kuna wazazi na walimu wanaoziona gemu kuwa mwizi wa muda na mlango wa utoro, na katika shule nyingi za Tanzania na Kenya mwanafunzi akikutwa na simu huadhibiwa. Kuna pia wauzaji wa vifaa na programu wanaotuambia kwamba kishikwambi kikishafika mkononi mwa mtoto, elimu imefika. Pande zote mbili zinakodolea macho kioo. Mimi nashikilia kwamba gemu nzuri humpa mtoto uzoefu na maswali ambayo kitabu hakiwezi kumpa kwa urahisi, lakini somo hukamilika pale anapotakiwa kueleza alichokifanya, kwa maneno na namba za somo lenyewe. Kazi hiyo haifanywi na mashine. Hufanywa na mwalimu, mzazi, dada mkubwa, yeyote anayejua kuuliza.

Tuje kwenye fizikia. Kerbal Space Program ni gemu iliyoundwa na kampuni ya Squad ya jijini Mexico, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2011. Mchezaji huunda roketi, huirusha, na mara nyingi huishuhudia ikilipuka. Akishafanikiwa kufikisha vyombo viwili angani, huja kazi ngumu ya kuvikutanisha. Karibu kila anayeanza hufanya lile linaloonekana la akili: chombo kingine kiko mbele, basi anaongeza moto akikimbilie. Matokeo yake anapanda juu, njia yake ya kuizunguka sayari inarefuka, na kile cha mbele kinazidi kumwacha. Baada ya kushindwa tena na tena anagundua kwamba inabidi apunguze mwendo, ashuke kwenye obiti fupi zaidi, azunguke kwa muda mfupi zaidi, ndipo akifikie. Amekutana na kanuni ya tatu ya Johannes Kepler, iliyochapishwa mwaka 1619, ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita huikariri pasipo kuiona. Huyu ameiona. Ila hajui kuiandika, hajui kuikokotoa, na mtihani hautamuuliza aliendeshaje roketi. Anahitaji mtu wa kumwambia: hebu nieleze, kupunguza mwendo kulikuwahishaje?

Pengo hilo kati ya kuweza na kueleza liko hata kwenye vibanda vya gemu vya mitaani kwetu, ambako mtoto hulipia mechi moja moja ya mpira. Kijana wa darasa la sita humo humlinganisha mshambuliaji mwenye kasi ya 90 na mwenye 84, hupima bei ya beki na fedha zilizobaki za timu, hukadiria kama kumnunua huyu kutamfungia njia ya kumpata yule. Huo ni uwiano, ni asilimia, ni takwimu. Kesho yake anaandikiwa ubaoni swali la asilimia kuhusu maembe ya mfanyabiashara asiyemjua, anabaki ametoa macho. Hakuna aliyemwonyesha kwamba ni jambo lile lile, na si haki kumtazamia alivumbue peke yake.

Historia inanigusa zaidi, kwa sababu humo gemu huweza kufundisha kweli na uongo kwa pumzi moja. Katika Civilization VI, gemu ambamo mchezaji huongoza taifa, kwenye nyongeza iliyotoka mwaka 2018, Kilwa Kisiwani imo miongoni mwa maajabu ambayo mchezaji anaweza kuyajenga. Sharti lake ni kujengwa kando ya bahari, na faida yake ni kumwongezea mjenzi ushawishi kwa miji inayojitawala. Aliyeiweka humo alisoma. Kilwa iliishi kwa bahari na kwa mahusiano na miji mingine; dhahabu ya bara iliyoshushwa Sofala ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wake; Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu uzuri wa mji; na magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Mtoto wa Lindi akilikuta jina hilo kwenye gemu inayochezwa Seoul na Chicago, ana haki ya kuona fahari.

Lakini gemu hiyo hiyo humruhusu anayeongoza Urusi kuijenga Kilwa kwenye pwani ya baridi kali, na Waswahili wenyewe hawamo katika orodha ya mataifa ya kuongozwa. Jengo letu lipo, wenye jengo hawapo. Jambo hili linauma, na papo hapo ni kipindi bora cha historia. Waulizwe wanafunzi: Kilwa isingewezekana Urusi kwa nini? Watafika wenyewe kwenye matumbawe yaliyochongwa yakawa mawe ya kujengea. Watafika kwenye kaskazi iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na kusi iliyoyarudisha, na kwenye miezi ya kungoja upepo ambamo watu walioleana na lugha zikachanganyika. Kisha waandike ukurasa mmoja kuyasahihisha makosa ya gemu. Mwanafunzi anayeweza kumkosoa mtunzi wa gemu kwa ushahidi ataweza kumkosoa pia mwandishi wa kitabu cha historia.

Je, gemu zinaweza kufundisha pale ambapo mwalimu hayupo kabisa? Jaribio kubwa la swali hilo lilifanyika kwetu, mkoani Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto wapatao 3,000 wa vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, vikichajiwa kwa nguvu za jua, vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa maelezo yao, asilimia 74 hawakuwahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Zawadi ya dola milioni 10 waligawana washindi wawili: onebillion, na Kitkit School ya Enuma, kampuni iliyoasisiwa na mbunifu wa gemu Sooinn Lee.

Kwa mtoto aliyekuwa hana darasa, hayo ni mafanikio makubwa, na anayeyabeza hajawahi kumtazama mtoto akitambua herufi za jina lake. Ila tuisome hesabu hiyo mpaka mwisho. Nusu ya waliokuwa hawawezi kusoma neno walibaki hawawezi, ingawa walikuwa na kifaa kile kile, michezo ile ile na miezi ile ile 15. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kwamba gemu ni msaidizi wa mwalimu, na serikali yoyote inayofikiria kununua vifaa ili ipunguze kuajiri walimu iyatazame matokeo ya Tanga kwanza.

Wengine watasema shule zetu hazina kompyuta za kutosha. Ni kweli. Lakini mojawapo ya gemu za kwanza kabisa za darasani, The Oregon Trail, ilianza Desemba 1971 katika darasa la historia mjini Minneapolis, Marekani, kwa mashine moja isiyo na kioo, iliyochapa majibu kwenye karatasi. Mwalimu kijana Don Rawitsch na wenzake wawili waliitunga ili wanafunzi waongoze familia ya wahamiaji kuelekea magharibi kwa mkokoteni. Mashine ikiwa moja, wanafunzi waligawana kazi: mmoja ramani, mwingine hesabu ya chakula na risasi, mwingine kuchapa. Ilibidi wabishane kabla ya kila uamuzi. Uhaba ule ulizaa mazungumzo, na simu moja ya mwalimu iliyounganishwa na projekta inaweza kuyazaa hapa.

Madhara yapo, na sitayapunguza. Shirika la Afya Duniani liliutambua mwaka 2019 uraibu wa gemu kuwa tatizo la kiafya. Gemu zinazomuuzia mtoto visanduku vya bahati vyenye zawadi asiyoijua zinamfundisha kamari. Ubelgiji ilishatamka mwaka 2018 kwamba vinavunja sheria yake ya kamari. Hizo zisikanyage darasani hata siku moja, na mzazi azifute bila kuomba radhi.

Tanzania ilianza mtaala mpya Januari 2024, na Kenya ilianza wa umilisi mwaka 2017. Yote miwili inataka mwanafunzi atende na aeleze anachotenda. Programu za fainali ya Tanga zimewekwa wazi kwa Kiswahili, bila malipo, tangu shindano liishe. Naziomba Taasisi ya Elimu Tanzania na wenzao wa taasisi ya mitaala ya Kenya (KICD) wazichambue pamoja na gemu nyingine chache zilizo salama, waandike mwongozo mfupi wa maswali ambayo mwalimu atauliza kabla na baada ya mchezo, na waupeleke kwanza kwenye vyuo vya ualimu, kabla ya kununua kishikwambi kingine chochote.