Nyamitaba: Tundu la mbwa mkubwa lisiwe njia ya mwizi

Huko Nyamitaba, wilayani Masisi katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, mbwa mkubwa si pambo la nyumba. Ni mlinzi. Anabweka kabla mwenye nyumba hajasikia hatua za mtu, na usiku analinda mbuzi na ng'ombe. Ndiyo maana wafugaji wanajiuliza: je, akatiwe tundu kwenye mlango wa nyumba ili aingie na kutoka bila kumwamsha mtu?

Jibu ni hapana. Tundu linalopitisha mabega ya mbwa mkubwa linapitisha pia mtoto, na hata mtu mzima mwembamba. Pale ambapo mtu hapiti, mkono unapita na kufikia komeo. Katika eneo ambalo raia wanalala na hofu ya watu wenye silaha, kutoboa mlango wa nyumba ni kuwarahisishia kazi wabaya.

Wako watakaosema kwamba Ulaya na Marekani milango hiyo ni ya kawaida. Ni kweli. Ipo hata inayofunguka tu ikitambua kifaa kidogo kilicho kwenye mkanda wa shingo ya mbwa. Lakini hiyo inataka umeme au betri, na ikiharibika, fundi wake hapatikani sokoni.

Kinachofaa ni kumjengea mbwa kibanda ndani ya lupango, kikiegemea ukuta wa nyumba. Masisi ni milima, kuna baridi na mvua, kwa hiyo sakafu yake inuliwe juu ya udongo. Kama tundu linahitajika, likatwe kati ya uwanja na zizi la mifugo, kamwe si kwenye ukuta unaotazama barabara.

Fundi apime mbwa mwenyewe: upana wa mabega, na kimo kutoka chini hadi mgongoni, kisha aongeze vidole vichache. Kizingiti kiwe chini ya tumbo lake ili asiruke kila anapopita. Misumari ipindwe, na ncha za bati zifunikwe. Kifuniko kiwe mpira laini wa gurudumu la zamani, si ubao mzito unaoweza kumbana shingo.

Lakini hata tundu zuri halitoshi kama mbwa anazurura usiku kucha. Vita vinapowakimbiza watu, mbwa wao wanabaki bila mwenyewe, na mbwa aliyefungiwa ndani ya lupango hakutani nao ovyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara kinaua. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio wanaowaambukiza watu katika visa 99 kwa 100. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie kituo cha afya kutafuta chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Wakuu wa vijiji na idara ya mifugo wana wajibu hapa: kupanga siku za kuchanja mbwa, na kuwaambia raia mapema. Mwenye mbwa naye ana wake: aanze na chanjo na lupango lililofungwa vizuri. Msumeno uje baadaye.