Kutoka Lirhanda hadi Shimoni
Sisi tuliokulia Kakamega pango tunalolijua ni lile la kilima cha Lirhanda, shimo lililochimbwa na wasaka dhahabu miaka ya 1930, na leo wenye nyumba ni popo. Kwa hiyo Desemba tuliposhuka Shimoni, kule Kwale, nilidhani sitashangaa. Nilishangaa. Pango lile ni la matumbawe, mizizi ya miti imening'inia toka juu, na ukutani vimebaki vyuma. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungwa humo wakingojeshwa majahazi. Kijana aliyetuongoza alilimaliza kwa dakika kumi, eti pomboo hawangoji mtu (wala wali wa nazi, nadhani). Tukavishwa maboya, nahodha akang'oa nanga, tukaelekea Kisite, hifadhi ya bahari tangu 1978. Maji yakipwa, mchanga mweupe huibuka pale katikati ya bahari kama mgongo wa ng'ombe anayevuka mto. "Mzee wangu, shuka sasa, saa nane haupo," nahodha akaniambia, nami nikashuka suruali nimeikunja, nimeng'ang'ania mkono wake. Kisha Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja. Huko akina mama ndio wanaosimamia daraja la mbao linalopita kati ya mikoko na matumbawe ya kale, na ada ya kiingilio wanapokea wao. Hapo ndipo wivu uliponishika, nikaikumbuka Lirhanda: unaingia umeinama, tochi ya simu mkononi, popo wanakupita sikioni.